Yaya Masengo, Aliyetufundisha Kukalia Mikono

Baba Padri, baba yetu mdogo Kyungu na wazee wote wa ukoo, Papa Monga mume wa marehemu, watoto na wajukuu, wamama wa atelie, majirani wetu wa Kamina na ninyi mliopanda treni kutoka Luena na Bukama ili mlie pamoja nasi, mimi ni Mwanza Kalunga, mdogo wake marehemu, ambaye sisi wadogo zake tulimwita yaya, yaani dada mkubwa, na karatasi hii nimepewa mimi niisome kabla hatujaondoka kwenda makaburini, si kwa sababu nasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu marehemu mwenyewe alinitaja kwa jina, na kila aliyemjua anajua kwamba akikutaja kwa jina kwa ajili ya kazi fulani, ni heri uifanye mapema. Nitafuata utaratibu tuliouzoea, tangu kuzaliwa hadi kufa, lakini niseme toka mwanzo kwamba kulikuwa na neno moja ambalo familia haikuwa imelimaliza mpaka asubuhi ya leo, nalo ni kama ndugu yetu Kyabu, huyu aliyekaa hapa karibu na sanduku, angetufuata kaburini au angebaki nyumbani amefungiwa mlango. Neno hilo nitalifikia mahali pake.

Marehemu Masengo Kalunga Régine alizaliwa Luena tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza wa Papa Kalunga Wenceslas, mfanyakazi wa reli, na Mama Kitwa Joséphine, mkulima, wote wawili sasa ni marehemu, wakati ambapo Papa alikuwa amepelekwa huko kutengeneza njia ya treni za makaa ya mawe, na Mama alipenda kutusimulia kwamba mtoto alitoka na sauti kubwa hata jirani mmoja akakimbia stesheni akidhani treni imefika kabla ya saa yake. Sauti hiyo hakuipoteza, nasi wadogo zake tuliisikia vizuri sana. Mwaka 1973 Papa alihamishiwa hapa Kamina, na tangu hapo marehemu hakuhama tena.

Shule ya msingi aliianzia Luena mwaka 1972, akaimalizia hapa Kamina mwaka 1978, kisha akaingia shule ya sekondari ya wasichana, upande wa kukata na kushona, akapata diploma yake mwezi wa Julai 1985, na huko ndiko alikokutana na mtu ambaye alimtaja maisha yake yote, naye ni Sista Ode, mwalimu wa cherehani, ambaye wanafunzi wapya hakuwapa kitambaa cha kukata, aliwapa shati lililokwisha kushonwa lote isipokuwa kifungo kimoja cha mwisho, basi mwanafunzi akashona hicho kifungo, na siku ileile ya kwanza akarudi kwao ameshika shati zima, amelimaliza yeye. Wiki ya pili walishona vifungo vyote, ya tatu wakaweka na kola, na hivyo hivyo wakarudi nyuma kutoka mwisho hadi mwanzo, mpaka siku ya kushika mkasi na kukata kitambaa, ambayo ilikuwa ya mwisho kabisa. Dada yetu alidhani ni uvivu wa Sista, akasema hivyo waziwazi, akaadhibiwa kufagia darasa wiki nzima.

Alipomaliza masomo alinunua cherehani ya kukanyaga, akafungua atelie yake ya ushonaji njia ya sokoni, na sare za wanafunzi wengi mlio hapa, ambao leo mna matumbo makubwa na heshima zenu, zilipita mikononi mwake. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Papa Monga Prosper, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Kaniama, mwanaume mpole ambaye tulimwonya mapema kuhusu ile sauti, naye akajibu kwamba darasani ana watoto hamsini na nane, hivyo haogopi mmoja. Mungu aliwajalia watoto watatu, Tshala mwaka 1989, Wenceslas aliyerithi jina la babu yake mwaka 1992, na Joséphine mwaka 1996, ambao wamewapa wajukuu watano.

Lakini yupo mtoto mwingine katika nyumba hiyo, ambaye hakumzaa, na bila yeye historia hii haisomeki. Kyabu, kitinda mimba wetu, alizaliwa hapa Kamina tarehe 2 Februari 1983, akachelewa kukaza shingo, akatembea ana miaka minne, akasema neno la kwanza ana saba, na maneno ambayo watu waliyasema juu yake siwezi kuyarudia hapa, kwa kuwa marehemu aliyapiga marufuku na sina hakika kama kifo kimeondoa ile marufuku. Mama yetu alipofariki tarehe 20 Novemba 1991, Masengo alimchukua Kyabu siku ileile ya kuondoa matanga, akamwingiza nyumbani kwake bila kumuuliza mumewe, na Papa Monga, alipomkuta mtoto wa miaka minane amelala kwenye kitanda chake na viatu vyake miguuni, aliuliza tu kama huyo ndugu anapenda bukari, huu ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo au na samaki.

Dada yetu alimpenda Kyabu kupita kiasi, na kosa lake lilianzia hapo, nami nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema siku ya kwanza ya kila mafunzo, mbele ya wageni. Alimvika nguo, alimfunga viatu, alimlisha kwa mkono, alimjibia alipoulizwa jina, ikawa Kyabu amefika miaka kumi na mitano na ndevu zinaanza kuota, hajawahi kufunga kifungo hata kimoja, katika nyumba ya mtu anayeishi kwa vifungo. Kila kitu alifanyiwa, isipokuwa kimoja tu, nacho kilikuwa chake peke yake: siku za treni alikwenda stesheni kumpokea baba yetu, Papa Kalunga, atokapo kazini upande wa Bukama, Papa alishuka, akampa gamela yake, lile bakuli la chuma la kubebea chakula, na Kyabu akaibeba mpaka nyumbani kwa mikono miwili, akitembea mbele kama mtu wa bendera.

Papa alifariki hapa Kamina tarehe 9 Juni 1998. Wazee walikaa, wakaona kwamba Kyabu atapiga kelele, watu watacheka, pengine ataruka kaburini, afadhali afungiwe katika nyumba ya jirani hadi mazishi yaishe, na hapa sitamwekea mtu mwingine mzigo wangu, kwa kuwa ufunguo wa ile kufuli nilikuwa nao mimi, mfukoni mwa suruali hii ya kilio au nyingine kama hii, nami niliyemfungulia jioni ndimi niliyemwambia, kwa kumhurumia, “Papa alienda Bukama, atarudia na treni.” Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilidhani nimesema neno la upole.

Kyabu aliniamini. Kila siku ya treni, kwa miaka miwili na miezi minne, alikwenda stesheni kupokea gamela, akasimama mpaka abiria wa mwisho ashuke, na Masengo akaacha cherehani yake akaenda kumrudisha kwa mkono, mvua au jua, huku mimi nikiwa Bukama kwenye biashara yangu ya samaki, nikiambiwa habari hizo na kujifanya sikusikia vizuri. Mwezi wa Oktoba 2000 dada yetu alichoka, akamchukua Kyabu mpaka makaburini, akamsimamisha mbele ya msalaba wa Papa, hakusema amelala, hakusema Mungu amemwita, alisema, “Kyabu, Papa alikufa. Iko humu ndani. Hatarudia.” Kyabu alikaa chini, akaweka mkono juu ya udongo, akalia kama mtu yeyote aliyefiwa na baba yake, kisha akasimama mwenyewe akarudi nyumbani, na stesheni hakwenda tena. Jioni hiyo yaya aliniandikia barua ya mistari miwili, ninayo mpaka leo, na kosa aliliweka kwetu: “Akili yake haikukosa. Maneno yetu njo ilikosa.”

Tangu hapo kazi yake ikabadilika. Alikumbuka shati la Sista Ode, akaanza na Kyabu kwa kifungo cha mwisho, yeye akifunga vyote vya juu na kumwachia kimoja cha chini, na ilichukua wiki tano, wakati huo sare za shule nzima zikisubiri mezani na wazazi wakifoka mlangoni, mpaka asubuhi moja Kyabu akakifunga, akatoka nje akizunguka lupango lote, ua mzima wa nyumba, kuwaonyesha kuku. Mwaka 2003 alikwenda Lubumbashi miezi mitatu kwa mafunzo ya walimu wa watoto wanaochelewa kujifunza, akiwa ndiye mwanafunzi mzee kuliko wote, na huko akaambiwa kwamba njia ile ya kuanzia mwisho inajulikana, imeandikwa hata vitabuni, basi akasimama katikati ya darasa akamwomba Sista Ode msamaha kwa sauti, ingawa Sista alikuwa amekwisha kufariki.

Tarehe 12 Januari 2004 alianza na watoto watano nyuma ya atelie, wale ambao shule ziliwarudisha nyumbani, na wa sita, aliyekuja mwaka uliofuata, alikuwa Yasmina, binti wa Mama Sauda, mfanyabiashara wa vitenge ambaye babu zake walitoka Maniema, mtoto wa miaka tisa asiyesema, aliyekaa kutwa nyuma ya duka kati ya marobota. Leo Yasmina anakaa mbele ya duka, anapima vitenge na kuvikunja, na mteja akimharakisha anapima upya toka mwanzo, kwa hiyo tumejifunza kutomharakisha. Mama Sauda mwenyewe akawa msaidizi wa kwanza wa dada yetu, na hawa wawili, mmoja na rozari na mwingine na tasbihi, waligombana miaka ishirini juu ya rangi ya mapazia, hawakugombana siku moja juu ya mtoto.

Hata hivyo, marehemu alikuja kuona kwamba wa kufundishwa si watoto tu, ni sisi wengine, na toka mwaka 2009 alifundisha wazazi, walimu, manesi, hata vijana wa pikipiki wanaobeba abiria, na mafunzo yake yalikuwa na mtihani mmoja ambao Kamina nzima inaujua. Mwanafunzi alikalishwa kwenye kigoda mbele ya Kyabu, akaambiwa akalie mikono yake yote miwili, kisha Kyabu akafunga viatu vyake, kazi ambayo ilichukua dakika kumi kama amelala vizuri na ishirini kama hakulala, na wewe hukuruhusiwa kumsaidia, wala kumwambia pole, wala kupumua kwa nguvu, wala kutazama saa, na ukijaribu kuchomoa mkono ulisikia ile sauti ya Luena, “Kalia mikono! Mutoto iko anafanya!” ingawa huyo mtoto alikuwa na miaka ishirini na sita. Mwisho, aliyetoa maksi hakuwa yeye, alikuwa Kyabu, ambaye alikutazama usoni akasema “Bon,” maana yake umepita, au “Tena,” maana yake avue viatu, aanze upya, nawe na mikono yako chini. Baba Padri alipata “Tena” mbili, ataniwia radhi. Mimi nilipata tatu, nikapanda treni nikarudi Bukama.

Alipoambiwa kwamba mkono mmoja haulei mwana, alikuwa akijibu kwamba ni kweli, lakini mikono mia inamfunga. Watu mia mbili na kumi na wanne walipita katika mafunzo hayo hadi mwaka jana, majina yao yamo katika daftari lake, na wengi naona wamekaa hapa uani, wengine hata sasa wamekalia mikono bila kujua.

Mwezi wa Agosti 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya tumbo, akatibiwa hapa Kamina, na mwezi wa Januari 2025 akapelekwa Lubumbashi, ambako madaktari walikuta uvimbe kwenye ini, mkubwa, usio wa kukatwa tena, wakamwambia ukweli kwa kuwa aliutaka, naye akarudi nyumbani tarehe 8 Februari akasema ana kazi moja ya kumaliza. Sisi tulidhani anamaanisha atelie. Kumbe alikuwa anamfundisha Kyabu kifo chake mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa Masengo, alianza na hatua ya mwisho. Nyumba yao ilikuwa ya sahani tatu, yake, ya Papa Monga na ya Kyabu, basi kila Jumapili alibaki chumbani, na Kyabu akafundishwa kuweka mezani sahani mbili, akala na shemeji yake, wakaosha vyombo, wakakaa. Papa Monga ameniambia kwamba Jumapili ya kwanza yeye ndiye aliyeshindwa kula, na Kyabu akamsukumia bukari.

Kyabu alipoijua hatua hiyo, yaya alirudi nyuma moja, akamfundisha kunawa mikono kwenye beseni mlangoni pa lupango kama tunavyonawa wote tukitoka makaburini, halafu kutupa konzi moja ya udongo, walifanya mazoezi kwenye shimo la takataka nyuma ya jiko, halafu kutembea nyuma ya sanduku, halafu kukaa kimya mtu anaposoma karatasi ndefu, na mnavyoona somo hilo amelishika kuliko baadhi yetu. Ikabaki hatua moja, ya kwanza kutokea na ya mwisho kufundishwa, kuambiwa kwamba dada yake amekufa. Hiyo hakuweza kuifundisha yeye. Mwezi wa Agosti mwaka huu aliniita kutoka Bukama, nikakaa kando ya kitanda, akasema, “Weye njo ulimudanganya. Weye njo utamuambia.”

Yaya Masengo alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, mchana, akiwa na miaka hamsini na tisa, mkono wake katika mkono wa Papa Monga. Nilitoka nje, nikamkuta Kyabu kwenye mkeka chini ya dirisha, nikaketi mbele yake, nikakalia mikono yangu, nikasema nikitazama chini, yaya amekufa, hatarudia. Kyabu akanitazama, akasema, “Tena.” Nikasema mara ya pili nikitazama dirisha, akasema, “Tena.” Mara ya tatu nikamtazama machoni, nikasema, “Kyabu, yaya alikufa. Hatarudia.” Akanijibu, “Minajua. Sahani mbili.” Halafu akasema, “Bon.” Nilisubiri neno hilo tangu mwaka 2009, na sikulitaka namna hii.

Sasa nalifikia lile neno la asubuhi. Baba Kyungu, ambaye amenipa ruhusa ya kulisema, alipendekeza Kyabu abaki nyumbani kwa Mama Sauda, si kwa ubaya, ni kwa sababu anampenda na anaogopa watu wamcheke, ataanguka, ataumia, akaniwekea ufunguo mkononi kama mwaka 1998. Nikauweka mezani. Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na hapo Mama Sauda, aliyekuwa ameleta vikombe vya chai, aliweka sinia chini, akaketi kwenye mkeka mbele ya wazee, akakalia mikono yake, wamama sita wa atelie wakaketi nyuma yake, wakakalia yao, na Papa Monga naye, pamoja na magoti yake mabovu, akashuka kitini akaketi chini, nami nikaketi kando yake. Baba Kyungu alitazama watu wazima tisa wamekaa kama vifaranga, pamoja nami, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akasema, “Basi aende. Lakini kama anaanguka mu shimo, weye Mwanza njo utamutosha.” Nimekubali, Baba, nitamtoa mimi.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa hapa Kamina na wa Lubumbashi waliomwambia dada yetu ukweli, inamshukuru Baba Padri na parokia, majirani waliotupikia na kutuazima viti, Mama Sauda na jamaa zake, wote waliofanya kazi na marehemu atelie, na kwa namna ya pekee wafanyakazi wa stesheni, wale wa zamani, ambao kwa miaka miwili na miezi minne walimpa Kyabu nafasi kwenye benchi yao na hawakumfukuza hata siku moja. Asanteni.

Tunaondoka sasa. Kyabu atatembea nyuma ya sanduku, wa kwanza, peke yake, na kaburini atatupa udongo wake kabla ya mtu mwingine, na huenda itachukua dakika kumi, huenda ishirini, basi ninyi nyote mliopita kwa Masengo na ninyi ambao hamkupita, msimshike, msimsukume, msimwambie pole, na akimaliza atatutazama, atatuambia mwenyewe kama tumepita.

Pumzika kwa amani, yaya. Mikono tumeikalia.